Kanuni ya mamlaka inakubana? Mwongozo kamili wa kuipinga Mahakama Kuu ukiwa Mtwara au Lindi

Mwaka juzi mwishoni mwa mwezi wa pili alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Nachingwea, kashuka stendi asubuhi akanipigia, "mwanangu nishafika Mtwara, nimekuja kuishtaki serikali." Nikamfata. Kwenye mfuko wa rambo alikuwa na karatasi za mizani za ufuta, risiti nne za tozo mpya, na kwenye simu picha ya tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa ofisi flani, ila picha imekatwa juu palepale penye namba na tarehe. Hoja yake ilikuwa nzuri kweli, ile tozo haikuwa na mguu wa kusimamia. Tukaanza kuitafuta ile kanuni, tukaipata, imetoka mwezi wa saba. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Muda wa kupinga ni miezi sita.

Mzee akaniuliza "na hiyo miezi sita nani alinitangazia?" Sikuwa na la kumjibu, tukanywa chai akarudi kwao. Ndo maana naandika huu uzi mrefu. Mi sio wakili, ni msaidizi wa kisheria tu, nakaa Mtwara mjini, na watu ninaowaona wanapoteza hizi kesi wengi hawapotezi kwasababu hawana haki, wanapoteza kwa tarehe na kwa kupiga risasi pasipo na ndege.

HATUA YA KWANZA: JUA UNAPINGA NINI, KANUNI AU KARATASI TU

Hapa naomba tukae kidogo maana ndo penye mali.

Huku kwetu kila kitu kinaitwa kanuni. Ofisa kaandika barua, kanuni. Kikao cha wadau wa korosho kimekubaliana makato flani, kanuni. Mkuu wa idara katuma meseji kwenye grupu la watsap la AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), nayo kanuni! Kisheria kanuni ni sheria ndogo inayotungwa na waziri, bodi au mamlaka kwa sababu Bunge limempa hayo mamlaka kwenye sheria mama (Katiba ibara ya 97 inaruhusu Bunge kukasimu hivo), na lazima ichapwe kwenye Gazeti la Serikali ikapewa namba, ile mnayoona inaandikwa T.S. (Tangazo la Serikali), au kwa Kiingereza G.N., namba flani ya mwaka flani. Gazeti hilo hutoka kila Ijumaa, kanuni zinakuja kwenye nyongeza yake. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ndo kinachosema habari za kuchapwa na siku kanuni inapoanza kufanya kazi.

Kwaiyo swali la kwanza kabisa kwa ofisa anayekudai hela au kibali ni hili, na uliulize kwa adabu tu: "samahani kiongozi, naomba namba ya GN." Mara nyingi sana utaona anaanza kutafuta tafuta kwenye droo. Kama hamna GN, kuna waraka au barua tu, basi una kesi rahisi zaidi, na mara nyingi hata mahakamani hufiki. Andika barua, omba wakutajie kifungu cha sheria na GN inayowapa nguvu ya kutoza, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe uondoke nayo. Nimeona tozo mbili zimekufa kwa barua ya kurasa moja namna hiyo, zimekufa kimyakimya bila hata kujibiwa, siku moja tu watu wakaenda mizani wakakuta haikatwi tena.

Kama GN ipo, itafute yenyewe yote na sio picha yake. Zipo kwenye tovuti ya wizara husika, nyingine TanzLII (tovuti ya bure ya sheria na hukumu), nyingine kwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Halafu tafuta na sheria mama, isome sehemu inayosema "Waziri anaweza kutunga kanuni kuhusu..." hiyo ndo kamba yenyewe, na utaona mbuzi kafungwa wapi na kala wapi.

Angalizo, tangu tarehe 1 Julai 2025 linatumika toleo jipya la sheria zilizorekebishwa, toleo la 2023, kwaiyo namba za vifungu ninazotaja hapa zihakiki kwenye hilo kabla hujaziandika popote.

HATUA YA PILI: PIGA HESABU YA SIKU, LEO HII

Kanuni ya 6 ya zile kanuni za mapitio ya mahakama, yani Mahakama Kuu kukagua uhalali wa matendo ya serikali (GN 324 ya 2014, zipo chini ya Sura ya 310), inasema maombi ya kibali, yani ruhusa ya jaji ya kufungua shauri lenyewe, yaletwe ndani ya miezi sita tangu tendo au uamuzi unaoulalamikia. Kwa kanuni mpya anza kuhesabu tarehe iliyochapwa kwenye gazeti, usianze siku ulipokatwa hela wala siku uliposikia redioni. Labda utapata hoja ya kuanzia siku nyingine lakini usiijenge kesi juu ya hiyo.

Angalia msimu wetu unavyotuumiza. Kanuni za ufuta zinatoka mwezi wa sita saba, mtu yupo shamba na minada, hela ikiisha ndo anakumbuka kulalamika, kumbe saa inatembea. Korosho hivohivo, minada inaanza mwezi wa kumi, watu wanashtuka mwezi wa tatu wakati wa kupiga hesabu ya madeni ya salfa (dawa ya mikorosho). Na likizo ya mahakama, ile ya 15 Desemba mpaka 31 Januari, usiihesabu kama nyongeza, we sajili tu.

Umechelewa? Unaweza kuomba kuongezewa muda chini ya Sheria ya Ukomo, kifungu cha 14, ila mahakama inataka ueleze kila siku ya kuchelewa ilienda wapi, kila siku kweli, na "nilikuwa sijui sheria" haihesabiki.

HATUA YA TATU: SABABU ZINAZOSIMAMA NA ZISIZOSIMAMA

Jaji wa mapitio haangalii kama kanuni ni nzuri au mbaya, anaangalia kama aliyeitunga alikuwa na nguvu hiyo na kama alifuata njia. Kusema "tozo inatuumiza wakulima" ni kweli lakini hiyo ni hotuba ya kwenye mkutano wa hadhara. Mahakama haitakupangia tozo iwe shilingi ngapi.

Sababu namba moja ni kuvuka mamlaka. Chukua mfano wa kubuni, sheria mama inasema waziri anaweza kutunga kanuni za ubora na ufungashaji wa ufuta, afu kanuni inakuja na kibali cha kusafirisha ufuta toka wilaya moja kwenda nyingine kwa laki mbili kila gari. Ubora na ufungashaji umeona, kibali cha barabarani na laki mbili vimetoka wapi? Hapo unaweka sheria mama kushoto, kanuni kulia, mstari kwa mstari. Kifungu cha 36 cha Sura ya 1 kinasema wazi kanuni isipingane na sheria iliyoizaa wala sheria nyingine ya Bunge, na ikipingana ni batili kwa kiasi cha kule kupingana. Kumbuka hilo neno "kwa kiasi", unaweza kuomba kipengele kimoja tu kifutwe zingine zibaki, na kwa maoni yangu ukiomba kidogo kilicho wazi unapata nafasi nzuri kuliko ukitaka kubomoa nyumba nzima.

Tozo ikiwa kodi kwa sura yake halisi kuna ibara ya 138 ya Katiba, kodi haitozwi isipokuwa kwa sheria ya Bunge au kwa utaratibu uliotiwa nguvu na sheria ya Bunge. Watu wanaisahau sana hii.

Nyingine ni utaratibu. Kama sheria mama inataka bodi ishauri kwanza, au wadau wasikilizwe, au waziri aidhinishe, na haikufanyika, hiyo ni sababu. Ila kuna kitu cha kuangalia, watu wanakopi hukumu za Kenya mtandaoni kuhusu ushirikishwaji wa wananchi, wenzetu wana sheria yao ya 2013 ya hati za kisheria inayolazimisha hayo, huku kwetu utafute kwenye sheria mama yako kama kuna sharti hilo, likiwepo una silaha, lisipokuwepo kazi inakuwa ngumu. Kuna pia kifungu cha 38 cha Sura ya 1, kanuni zinatakiwa ziwekwe mezani Bungeni na Bunge lina uwezo wa kuzikataa, kwaiyo mbunge wako naye ana kazi hapo, mtumie.

Halafu kuna kukasimu ulichokasimiwa (waziri kapewa, yeye kamwachia mkurugenzi aamue kiwango anavotaka), kuna kanuni kurudi nyuma kuadhibu mambo ya jana, na kuna kutokuwa na mantiki kabisa kiasi kwamba hakuna mtu mwenye akili angeamua vile. Hii ya mwisho kila mtu anaipenda na karibu kila mtu anashindwa nayo.

HATUA YA NNE: CHAGUA MLANGO

Milango ni miwili mikubwa. Kwanza mapitio ya mahakama, Sura ya 310, unaomba amri tatu: ya kufuta (mawakili wanaiita sashiorari), ya kukataza, na ya kulazimisha ofisa atende alichopaswa (mandamasi). Mlango huu ndo wa hoja za mamlaka na utaratibu. Pili ni shauri la kikatiba, kama kanuni inagusa haki za msingi za ibara ya 12 mpaka 29, unaenda kwa ibara ya 30(3) na Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, majaji watatu wanakaa. Tangu marekebisho ya 2020 huu mlango umekuwa mwembamba, lazima kiapo kioneshe we mwenyewe umeathirikaje na umemaliza njia zingine kwanza, ule wakati wa kufungua tu kwa niaba ya umma kama alivozoea marehemu Mchungaji Mtikila, yule mwanasiasa wa kesi za kikatiba, ni kama umepita.

Kuna wanaofikiri lazima notisi ya siku 90. Hiyo ni ya kesi za madai dhidi ya serikali, Sura ya 5, mapitio yana njia yake. Nimeona mtu kakaa siku 90 anasubiri notisi iive huku miezi sita yake inaliwa.

Kabla ya milango yote miwili uliza, kuna pa kukata rufaa kwanza? Mambo ya kodi yana Bodi ya Rufani za Kodi, maamuzi ya EWURA (nishati na maji), LATRA (usafiri wa ardhini) na TCRA (mawasiliano) yana Baraza la Ushindani. Usipopita huko wakati ulitakiwa upite, utarudishwa mlangoni na gharama juu.

HATUA YA TANO: KARATASI

Unaanza na maombi ya kibali, yanasikilizwa upande mmoja. Zinahitajika chamba samansi (hati ya kuwasilisha maombi kwa jaji), maelezo, na kiapo. Maelezo yanataja we ni nani, unaomba nini, kwa sababu zipi. Kiapo kinabeba ukweli tu: lini, wapi, kiasi gani, risiti namba flani nimeiambatanisha. Ukichanganya, ukaweka hoja za kisheria na maombi ndani ya kiapo, au ukaapa mambo ya kusikia kwa jirani bila kusema umeyasikia kwa nani, wakili wa serikali atakishika hapohapo.

Sehemu ya mwisho ya kiapo, pale unapoapa mbele ya kamishna wa viapo, lazima pawe na mahali na tarehe na jina la kamishna. Niliwahi kushika kiapo kizuri cha kurasa kumi na moja, hukumu zimetajwa vizuri, viambatanisho vimepigwa alama mpaka raha, pale chini imeandikwa "kimeapwa hapa Mtwara leo tarehe ___" na kidoti kitupu, hakuna aliyejaza! Tulikiona usiku wa kuamkia siku ya kusajili, tukamwamsha kamishna. Kagua kwa kidole mstari kwa mstari.

Viambatanisho: GN yote, kurasa husika za sheria mama, risiti, leseni yako, karatasi za mizani, barua yako yenye muhuri wa kupokelewa. Kama ni chama, AMCOS au union (chama kikuu cha ushirika), weka na muhtasari wa kikao uliowaruhusu viongozi kufungua shauri, usipouweka hiyo ni pingamizi la kwanza utakalokutana nalo.

Wajibu maombi, yani wale unaowashtaki, ni aliyetunga kanuni, mamlaka inayoitekeleza kwa jina lake halisi la kisheria lililopo kwenye sheria iliyoiunda (sio jina la kwenye kibao cha barabarani), na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Huyo wa mwisho usimwache.

Lugha isikutishe, marekebisho ya mwaka 2021 yalifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Ila mawakili wengi bado wanaandika kwa Kiingereza, mwambie wakwako akueleze kila aya kabla hujasaini maana anayeapa ni wewe.

HATUA YA SITA: SAJILI MTWARA, OMBA KIBALI, OMBA NA KUSIMAMISHA

Mahakama Kuu ya hapa Mtwara ndo inahudumia mikoa yote miwili, Mtwara na Lindi, kwaiyo wa Kilwa na Liwale nauli iwepo kwenye bajeti. Usajili siku hizi ni wa kimtandao, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu. Usisubiri siku ya mwisho, mtandao wetu mnaujua.

Kwenye kibali jaji anaangalia mambo matatu hivi, Mahakama ya Rufani iliyaeleza vizuri kwenye shauri la Emma Bayo dhidi ya Waziri wa Kazi: kuna hoja inayostahili kusikilizwa, una maslahi ya kutosha, na uko ndani ya miezi sita. Usimwage kesi yote hapo. Omba pia kibali kikitoka kifanye kazi kama zuio, yani kanuni isimame kwanza mpaka shauri liishe. Usipoliomba halitokei lenyewe.

Na kuhusu zuio, mfano mkubwa kabisa ulitokea hapahapa kwetu. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui mtandaoni, GN 133, blogu na majukwaa yakatakiwa kujisajili, laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni kila mwaka. Mwisho wa kujisajili ulikuwa tarehe 5 Mei. LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu), Baraza la Habari, THRDC (mtandao wa watetezi wa haki za binadamu), Jamii Media (wenye JamiiForums), TAMWA (chama cha wanahabari wanawake) na Jukwaa la Wahariri wakaja Mahakama Kuu Mtwara, na tarehe 4 Mei, siku moja kabla, mahakama ikazisimamisha kwa muda. Watu walishangilia kama kesi imeisha. Mwishoni mwa mwezi huohuo serikali ikashinda, mwezi wa sita TCRA ikatoa agizo kwa ambao hawajasajiliwa, JamiiForums ikazima kwa muda. Mwaka 2020 zikaja kanuni nyingine zikachukua nafasi ya zile. Ukipata zuio endelea kutunza kumbukumbu na weka akiba ya ile hela unayodaiwa, maana likiondoka utadaiwa kwa mpigo.

HATUA YA SABA: SHAURI LENYEWE

Kibali kikitoka una siku 14 za kuleta maombi yenyewe, kanuni ya 8. Siku 14 tu! Watu wanapata kibali wanarudi Tandahimba kupalilia, wanarudi mahakamani siku ya 20. Maombi yaandaliwe kabla hata kibali hakijatoka, na sababu utakazoleta ziwe zilezile ulizopewa kibali nazo.

Upande wa pili utaleta kiapo kinzani na karibu lazima pingamizi la awali, pii-o. Umechelewa, umemkosea jina mdaiwa, kiapo kibovu, ulikuwa na njia nyingine. Mengi yake umeshayaziba kama ulifata hatua za juu. Lingine linalokuja na linakera, serikali inaifuta ile kanuni katikati ya shauri inatoa nyingine inayofanana nayo, halafu wanasema shauri limepitwa na wakati. Linganisha ya zamani na mpya kipengele kwa kipengele siku ileile itoke, saa ya miezi sita imeanza upya.

Kusikiliza kwenyewe mara nyingi ni hoja za maandishi. Ukishinda, kipengele kinafutwa, ila hela uliyokatwa hairudi kwa amri ya kufuta peke yake, hiyo ni madai tofauti (na hapo sasa ndo siku 90 zinaingia). Ukishindwa unaweza kubebeshwa gharama, kwaiyo kama mko wakulima mia mbili changeni kabla, ila wanaosimama kama waombaji wawe wachache walioathirika waziwazi wenye karatasi kamili.

Wakili akishindikana kwa bei kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, watoa huduma wamesajiliwa na wengine ni bure. Siye wasaidizi hatusimami mahakamani kwa niaba yako, tunakupangia karatasi na tarehe. Na kangomba wa kisheria (kama wale walanguzi wa korosho) nao wapo, anakuandikia kiapo nje ya geti kwa elfu ishirini bila kusoma hiyo GN, mkimbie.

Rufaa inaenda Mahakama ya Rufani, na tangu Desemba 2023 ile habari ya kuomba ruhusa kwanza kwa uamuzi wa namna hii imeondolewa. Notisi ya rufaa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, rufaa yenyewe siku 60 tangu notisi. Nakala za mwenendo na hukumu zikichelewa, zile siku za kusubiri zinatolewa kwenye hesabu kwa cheti cha msajili, lakini kwa sharti uliomba nakala kwa maandishi ndani ya siku 30 na upande wa pili ukapewa kopi. Hiyo barua iandike siku ileile uamuzi unasomwa, igongwe muhuri palepale masjala, kabla hujapanda boda kurudi stendi.